Nimeandika "kilimlaani" kwenye kumbukumbu za chama, mweka hazina akainuka akaondoka. Neno hili lina maana gani hasa?

Katibu wa Gikomba

Habari zenu wote. Swali langu ni la neno moja tu, lakini naomba mnivumilie nieleze kisa, maana bila kisa hamtaona kwa nini sipati usingizi.

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama kumi na wanne, sote wauzaji wa mitumba soko la Gikomba, Nairobi. Kibanda changu ni cha nguo za watoto, upande wa mtoni. Tunakutana Jumapili saa nane. Kila mmoja anatoa shilingi 500: 400 za mzunguko na 100 za dharura. Hiyo mia ndiyo roho ya chama. Soko letu huungua. Mtu anafungua belo Jumatatu, anachambua kamera zake, yaani zile nguo bora kabisa, anaziweka kando kwa wateja wa bei nzuri, Jumanne alfajiri anaamshwa na simu, akifika anakuta jivu na vyuma vya kutundikia.

Mweka hazina wetu ni mama wa mtaa wa Majengo, mzaliwa wa pale pale, mwenye umri wa mama yangu. Tunamwita Bi Mkubwa. Ameweka pesa zetu miaka sita na haijapotea hata shilingi kumi.

Mwezi uliopita mtoto wa mwenzetu mmoja alilazwa. Pesa za dharura zikachelewa siku mbili, kwa sababu Bi Mkubwa alikuwa Mombasa na simu haipatikani. Jumapili iliyofuata watu wakanung'unika, mmoja akapandisha sauti, mwenyewe Bi Mkubwa akiwa bado hajarudi. Mimi nikaandika kumbukumbu. Naomba niinukuu sentensi yangu jinsi nilivyoiandika:

"Kikao kilimlaani vikali mweka hazina kwa kuchelewesha pesa za dharura."

Kikao kilichofuata alikuwepo. Ni desturi yetu kumbukumbu zisomwe kwa sauti, ndipo mmoja athibitishe na mwingine aunge mkono. Nilipofika kwenye sentensi ile Bi Mkubwa alivua miwani. Akasema, "Soma tena, mwanangu." Nikasoma tena. Akauliza, "Mmenilaani?" Mimi, na hapa ndipo roho inaniuma hadi leo, nilijibu, "Ndiyo mama, ndivyo kikao kilivyosema."

Hakupiga kelele. Aliweka daftari mezani, akaweka kasha juu yake na ufunguo juu ya kasha, akajifunga mtandio wake. Mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Mola asiwarudishie." Akaenda zake. Mpaka leo sijaelewa asiturudishie nini, kwa sababu pesa alituachia zote.

Jioni binti yake akanipigia simu akasema, "Mmemwapiza mama yangu."

Mimi nimezaliwa Machakos. Kiswahili nimekipata shuleni na redioni. Laana naijua vizuri sana kwa Kikamba. Kwetu kuna kithitu, kiapo ambacho mwongo akikila hakimwachi yeye wala jamaa zake, na hakuna mtu mzima wa kwetu anayelitaja jambo hilo kwa mchezo. Lakini neno "kulaani" halikunifikia kupitia kinywa cha mzazi. Lilinifikia kupitia taarifa ya habari: "Serikali imelaani vikali shambulio hilo." Nikadhani ni neno la ofisini, la kuonyesha kwamba jambo limechukuliwa kwa uzito. Nilifikiri ninaandika vizuri.

Kwa hivyo naomba kujua. Kulaani ni kukemea, au ni kumtakia mtu mabaya? Kuapiza nako ni nini? Ningeandika neno gani? Na kama nimekosea, neno kama hili hufutwaje? Wino nitaufuta kwa mstari mmoja. Nauliza neno lenyewe.

---

Mwana wa Majengo

Dada katibu, pole. Nimelelewa na nyanya yangu Majengo, nyumba za udongo na mabati za zamani zile, na nimesoma kisa chako mara mbili kwa sababu ninamwona huyo mama kabisa, hata jinsi alivyovua miwani.

Nyumbani kwetu neno "laani" halikutamkwa hovyo. Nyanya alikuwa na mdomo; alitukana, alikaripia, alituita wapumbavu na watoto wasio na haya kabla ya kifungua kinywa. Hiyo ilikuwa hasira ya siku hiyo, jioni tunakula sahani moja. Lakini siku moja mjomba wangu alimwinulia mkono mkewe mbele yake. Nyanya alisema tu, "Usinifikishe pale, usije ukanitoa neno." Neno lenyewe hakulisema. Mjomba, mtu mzima wa ndevu, alipiga magoti pale pale kwenye sakafu akaomba radhi.

Neno limetoka Kiarabu, na asili yake ni kumfukuza mtu na kumweka mbali na rehema ya Mwenyezi Mungu. Hapo ndipo uzito ulipo. Tazama maneno mawili tunayoyatumia: mtu wetu akifa tunamwita marehemu, yaani aliyerehemiwa, au tunayemwombea arehemiwe. Kinyume chake ni maluuni, aliyelaaniwa. Ibilisi ndiye mwenye jina hilo. Kwa hiyo mama wa Majengo aliposikia "kilimlaani", hakusikia kwamba mlimkasirikia. Alisikia kwamba watu kumi na watatu waliketi wakamwomba Mungu amweke na Ibilisi, kisha wakaandika daftarini, kisha wakamsomea. Na ukamthibitishia.

Sasa hayo maneno ya mlangoni. Nadhani mimi nayajua.

Katika Hadithi za Mtume (S.A.W.), iko iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba mja akilaani kitu, laana hupanda mbinguni, milango ya mbingu ikafungwa isipite. Hushuka ardhini, milango ya ardhi ikafungwa. Huenda kulia, huenda kushoto. Ikikosa njia humwendea yule aliyelaaniwa, kama anaistahili. Kama hastahili, humrudia aliyeitamka.

"Mola asiwarudishie." Amewaombea ninyi, dada yangu. Anajua moyoni mwake hakuiba wala hakukusudia kuchelewa, kwa hiyo anajua laana ile haina pa kutua kwake, na anajua inarudi kwa nani. Mlipomlaani, yeye alisimama mlangoni akawaombea kinga. Nenda kwake upesi. Usiende na maelezo ya kamusi.

Kuhusu kuapiza, kwetu sisi tulitumia kwa mtu anayemtajia mwenzake balaa moja moja: upofuke, usizae, ufe njaa. Laani ni neno moja linalofunga yote. Kuapiza ni kuorodhesha. Halafu kuna Halbadiri, ambayo ni mlango mwingine. Husomwa na watu wanaojua, kwa majina ya mashujaa wa vita vya Badri, na watu huiogopa hata mtaa wa pili. Kitu kikiibwa, ukitangaza tu kwamba Ijumaa itasomwa Halbadiri, mara nyingi kitu kinarudishwa usiku. Nataja hili kwa sababu mama huyo angekuwa mtu wa kulipiza angekuwa na mahali pa kwenda. Yeye aliwaachia ufunguo.

---

Msoma Habari

Nimefanya kazi ya kutafsiri na kusoma habari kwa miaka mingi na najisikia nina sehemu katika jambo hili, kwa hiyo niseme kwa upande wetu.

Habari zinatufikia kwa Kiingereza saa kumi na moja alfajiri na zinatakiwa kusomwa saa kumi na mbili. Kuna neno lao la kusema kwamba kiongozi amesimama akatangaza kwamba kitendo fulani ni kiovu na hakikubaliki. Sisi tukaliweka "kulaani". Hakuna aliyezima redio siku ya bomu la Agosti 7, 1998, hapa hapa mjini, ambapo watu zaidi ya 200 waliuawa. Na tena Septemba 2013, siku ya shambulio la Westgate. Siku kama hizo "kukosoa" haitoshi, "kupinga" haitoshi, "kushutumu" ni dogo. Watu wenyewe mtaani walikuwa wanalaani, kwa maana ile ile ya nyanya wa Majengo, na redio ikasema walichokuwa wanakisema. Kwa hiyo siyo kweli kwamba ni kosa la tafsiri. Kwa mambo ya damu, neno linafaa.

Kosa letu, na nalikubali, ni kulishusha. Leo utasikia chama kimoja cha siasa kimelaani matamshi ya kingine, mashabiki wamelaani mwamuzi. Neno likitumika kwa kila kitu, mtu kama katibu anajifunza kutoka kwetu kwamba ni neno la kawaida la ofisini. Mimi mezani kwangu nina kanuni: mauaji, mashambulizi, unajisi, mateso. Basi. Na nalaani kitendo, simlaani mtu.

---

Mwalimu wa Kaloleni

Msoma Habari amemaliza kwa jambo ambalo ningependa kulianzia, kwa sababu nimefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na moja na ninaamini kosa la katibu liko katika herufi moja.

Tazama: "Kikao kililaani ucheleweshaji wa pesa." Hapo neno ni kali kupita kiasi, lakini linaeleweka kama lile la redioni, kwa sababu ucheleweshaji hauna roho, hauna mama, haufi. Sasa tazama: "Kikao kili-m-laani mweka hazina." Ile -m- ndogo ndiyo iliyobeba kila kitu. Ukiiweka pale, kitenzi kinarudi kwenye maana yake ya kwanza, kwa sababu mtu ndiye anayeweza kufukuzwa kwenye rehema. Biblia ya Kiswahili inatumia kitenzi hiki kwa namna hiyo tangu mwanzo: "naye akulaaniye nitamlaani", Mwanzo 12:3. Hakuna msomaji wa mstari huo aliyewahi kufikiri Mungu anazungumza habari za kukosoana.

Ninyi mnaosoma Biblia mtamkumbuka Balaamu katika kitabu cha Hesabu. Mfalme Balaki wa Moabu alimwita aje awalaani Waisraeli, akamwahidi heshima kubwa. Balaamu akauliza atamlaani vipi mtu ambaye Mungu hakumlaani. Ni fikra ile ile iliyo katika Hadithi aliyotutajia Mwana wa Majengo: laana haiendi tu kwa sababu mtu ameitamka. Nimefurahi kuiona kwa pande zote mbili.

Nije kwa kuapiza, ambalo ni neno letu la Kibantu na mimi nalipenda sana kama mfano wa darasani. Mzizi ni -apa. Ukimfanya mtu aape unamwapisha: waziri anaapishwa, shahidi anaapishwa, na mwaka 2018, Januari 30, nchi nzima ilibishana kama kiapo cha Raila Odinga kilichofanyika Uhuru Park kilikuwa kuapishwa kweli au la. Lakini Kiswahili kina njia ya pili ya kufanyiza, kwa -iz-: kuapiza. Linganisha na -lipa. Kumlipisha mtu ni kumtoza pesa. Kulipiza ni kisasi. Mzizi mmoja, viambishi viwili vya karibu sana, na kimoja kinakwenda dukani, kingine kinakwenda gizani.

Kwa nini kiapo kizae laana? Kwa sababu kila kiapo kina laana ndani yake. Mtoto wa Nairobi anaposema "haki ya Mungu, nikidanganya nife", amejiapiza. Ameweka adhabu mezani ikimsubiri uongo wake. Petro alipomkana Yesu, Mathayo 26, inasemwa akaanza kulaani na kuapa. Vitendo viwili pamoja, katika pumzi moja. Na katibu, wewe mwenyewe umekitaja kithitu cha kwenu, kiapo kinachomla mwongo. Kwa hiyo hili unalijua tangu utotoni, ni jina la Kiswahili tu ulilolikosa.

Maneno ambayo yangekufaa: kulaumu, kukosoa, kulalamikia, kuonya. "Kukemea" siyo kwa mtu wa umri wake. "Kukaripia" vivyo hivyo, hilo ni la mkubwa kwa mdogo. "Kukashifu" usiliguse, maana ni kumfunua mtu aibu zake. "Kushutumu" lina historia ya kupendeza: Kiarabu chake ni kutukana kabisa, lakini Kiswahili kimelipoza likawa kulaumu hadharani. Huenda laani nalo liko safarini kwenda huko huko, redio ikiliendesha. Lakini bado halijafika, na mama wa Majengo hana wajibu wa kulingoja lifike.

---

Mama wa Dagoretti

Mimi si msomi wa lugha. Nataka kusema kuhusu nani anaweza kumlaani nani, kwa sababu naona hamjaligusa.

Kwetu Wakikuyu kuna kirumi. Ni neno analoacha mzazi, hasa akikaribia kufa, na linamfuata mtoto. Linashuka. Mtoto hawezi kumwekea mzazi kirumi, haiwezekani, ni kama mto kupanda mlima. Kwa hiyo nilipomsoma katibu, nikaona ninyi wa umri wa watoto mmeandika kwamba mmemlaani wa umri wa mama. Kwa mtu wa rika lake hilo ni jeraha la pili juu ya la kwanza.

Na laana ya mama hata maneno haihitaji. Machi 16, 1922, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi wakimdai Harry Thuku, mtetezi wao aliyekuwa amekamatwa. Wanaume walipoanza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake mbele yao, akawaambia wachukue nguo yake wampe suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru aliuawa. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21, watu wetu wanasema walikuwa wengi zaidi.

Miaka sabini baadaye, Machi 3, 1992, kina mama waliokuwa Uhuru Park na Wangari Maathai, wakigoma kula ili wana wao waliofungwa kisiasa waachiliwe, walivamiwa na polisi. Baadhi ya wale wazee wakavua nguo. Askari vijana wakageuza nyuso. Nilikuwa msichana wakati huo, na nakumbuka mama yangu alivyokaa kimya nyumbani, hakupika, akasema, "Wale vijana wamelaaniwa, na waliowatuma pia." Ndiyo siku niliyolisikia neno hilo kwa Kiswahili likiwa na uzito wake wote. Pale mahali tunapaita Freedom Corner mpaka leo, na nikipita hapo na matatu huwa nashusha sauti.

Katibu, usiende peke yako. Nenda na mtu wa umri wake.

---

Katibu wa Gikomba

Asanteni. Nimesoma kibandani, nimefunga turubai mapema kwa sababu nilikuwa nalia na wateja wananiangalia. Kile cha Mwana wa Majengo kuhusu "asiwarudishie" nimekisoma labda mara kumi.

Swali dogo kwa Mwalimu au kwa yeyote: kumbukumbu zimeshaandikwa, ukurasa una nambari, siwezi kuuchana. Nikipiga mstari tu, neno linabaki linasomeka chini ya mstari.

---

Mwalimu wa Kaloleni

Usichane. Daftari lililochanwa ukurasa litakuletea mashaka mengine siku ya hesabu. Piga mstari mmoja, andika pembeni, mwenyekiti atie sahihi.

---

Mwana wa Majengo

Na kile kilichosomwa kwa kinywa kifutwe kwa kinywa. Kinywa kile kile. Mbele yake, kwa sauti. Anza na "tuwie radhi", usianze na "sikujua". Ukianza na "sikujua" unajitetea kabla hujaomba.

---

Msoma Habari

Katibu, nimeipeleka hadithi yako kazini, bila jina wala mahali. Tumeibandika sentensi yako ukutani karibu na meza ya habari, pamoja na ile -m- imezungushiwa duara.

---

Katibu wa Gikomba

Nimerudi kuwapa habari, ni haki yenu.

Nilikwenda Ijumaa baada ya swala ya alasiri, pamoja na mwenyekiti wetu na mama mmoja mzee anayeuza shuka, wa rika la Bi Mkubwa. Tulibeba sukari kilo mbili na daftari. Nyumba ina baraza ndogo ya saruji. Tulimkuta ameketi hapo anachambua mchele kwenye ungo. Alitukaribisha. Hakuuliza tumefuata nini. Tukapewa chai ya tangawizi na mahamri, na mwenyekiti alikuwa anataka kusema kabla ya chai, yule mama wa shuka akamgusa goti anyamaze.

Tulipomaliza nilishuka kwenye mkeka. Nikasema, "Bi Mkubwa, tuwie radhi." Kisha nikafungua daftari nikasoma sentensi mbele yake, na baada ya kusoma nikasema, "Neno hili nililiandika mimi. Kikao hakikukulaani. Mimi sikukulaani. Tunalifuta mbele yako na mbele ya Mungu." Sauti iliniisha katikati. Nikapiga mstari, mwenyekiti akatia sahihi.

Alikaa kimya muda. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Usiku ule niliamka nikaswali rakaa mbili kwa ajili ya watoto wenu. Niliogopa isije ikawafuata." Mwana wa Majengo, ulikuwa sahihi. Kumi na watatu sisi, kila mmoja na watoto wake, na yeye aliwataja kwa majina.

Nikamuuliza maneno yake pale mlangoni. Akasema ndiyo, ndiyo hayo. Akaongeza kwamba wazee wanasema dua la kuku halimpati mwewe, na kwamba yeye methali hiyo haimridhishi, kwa sababu hakuna anayejua kwa hakika siku hiyo nani ni kuku.

Kisha akaniuliza, "Sasa pale pembeni utaandika nini?" Nilikuwa nimejiandaa, nimechagua katika orodha ya Mwalimu. Nikamsomea: "Kikao kilimlaumu mweka hazina."

Akanyosha mkono, akachukua kalamu. "Mlinilaumu, kweli," akasema. "Lakini mlijua Mombasa nilifuata nini?"

Hapo ndipo tulipojua. Alikwenda kumzika dadake. Walipata habari usiku, akapanda basi la usiku huo huo, simu ikaishiwa na chaji njiani, na msibani hakukuwa na wa kumkumbusha simu. Sisi hatukumuuliza. Siku ya kikao kile, mimi katibu sikuandika hata mstari mmoja wa kuuliza kwa nini mweka hazina hayupo. Na aliporudi tulimsomea kumbukumbu kabla hatujampa pole.

Mama wa shuka alianza kulia, wakashikana mikono wale wawili, tukaomba dua ya marehemu. Nililisikia neno hilo "marehemu" tofauti kabisa na nilivyokuwa nimelizoea.

Pembeni mwa ukurasa imeandikwa hivi, kwa mkono wangu, kwa maneno aliyonitajia yeye: "Kikao kilinung'unikia kuchelewa kwa pesa za dharura. Hakikumuuliza mweka hazina sababu."

Jumapili nikaisoma kwa sauti mbele ya wote. Mwenzetu ambaye mtoto wake alilazwa ndiye aliyethibitisha. Walioiunga mkono waliinua mikono wote kwa pamoja, sikujua niandike jina la nani. Bi Mkubwa akavaa miwani, akafungua kasha, akahesabu mchango wa siku mara mbili kama kawaida yake. Elfu saba.